Mchoro Hauonyeshi Umbali

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiwasha pasi ya kuchomea ile risasi laini ya kuunganishia waya na kunusa ule moshi wake, inanirudia kama ya juzi. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi ya Tunduma ya mwezi wa saba ambayo upepo wake unapita hata kwenye sweta mbili. Mama yangu alifungua mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga, joto likampiga usoni, akarudi nyuma. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Rhoda, njoo uone."

Nilikwenda. Kioo kidogo cha mashine kilionyesha namba nzuri kabisa, thelathini na saba na nusu, joto lile lile ambalo mayai yanalitaka. Lakini ndani balbu zote zilikuwa zinawaka, na yai la kwanza nililolishika lilinichoma vidole nikalirudisha haraka. Namba ile ilikuwa imeganda. Mashine ilikuwa inatuambia kila kitu ni salama, na huku inayapika mayai.

Ngoja nikueleze tulikuwa akina nani, maana wewe uliyekuja kwangu kujifunza ufundi unanijua nikiwa na mvi hizi na miwani, na huwezi kunifikiria binti wa miaka ishirini na kitu mwenye khanga kiunoni na bisibisi mkononi.

Kwetu ni Mbozi. Baba alibaki shambani na kahawa yake, naye Mama akahamia Tunduma pamoja nasi, mimi na kaka yangu Elia, kwa sababu mjini kulikuwa na umeme na kulikuwa na watu. Elia alikuwa fundi. Alianza na redio, akaja kwenye televisheni, kisha akaenda Mbeya kusomea, akarudi na kitu ambacho pale mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amekiona: chipu ndogo nyeusi yenye miguu pande mbili kama jongoo, ambayo unaiandikia maagizo na yenyewe inayafuata. Wenyewe wanaiita maikrokontrola. Elia aliniambia, "Hii ina akili, Rhoda. Ukiiambia washa, inawasha. Ukiiambia joto likifika hapa zima, inazima. Hailali wala haisahau." Alivyokuwa akiisema, ungedhani anamzungumzia mchumba.

Mimi nilikuwa mikono yake. Elia alichora na kuwaza, mimi nilichomea, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na havikutetemeka. Tulikaa benchi moja kwenye baraza, nje malori yakiwa yamepanga mstari kuelekea mpakani, madereva wakinywa chai na kutuchungulia. Nikizikumbuka siku zile hata vumbi lake nalitamani.

Mama alikuwa mfugaji wa kuku na mwenyekiti wa akina mama wa kanisani. Elia alipomtengenezea ile mashine, sanduku la mbao lenye balbu, feni, kipima joto na ile chipu ya kuviongoza vyote, Mama aliwatangazia wenzake. Kila mmoja akaleta mayai ya kuku wake bora. Mama Nzunda alitoka nayo Vwawa ndani ya basi, kapu likiwa mapajani, kila yai limezungushiwa majani makavu ya mahindi. Alisema ni ya mtetea ambaye mama yake marehemu alimwachia, na mtetea huyo amezeeka, hatataga tena mwaka mwingine.

Ndiyo mayai yaliyopikwa asubuhi ile.

Sitakueleza namna akina mama walivyokuja. Hawakutukana. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai, na Mama Nzunda akauliza kwa upole kama hakuna hata moja lililopona. Mama akamwambia hakuna. Yule mama akaitikia, "Haya," akainamisha uso kwenye kikombe. Heri angetukana.

Elia hakula siku ile. Aliisafisha mashine, akaiwasha tupu, akaketi mbele yake anaitazama kama mtu anayemlinda mgonjwa. Kabla ya saa sita mchana akawa ameliona tatizo. Upande wa pili wa ukuta wetu palikuwa na kijana fundi wa kuchomelea vyuma, Fanuel Simkoko, mwenyeji wa Momba, mpole, anayeimba akiwa kazini. Kila Fanuel alipogusa chuma kwa ile fimbo yake ya kuchomelea na cheche zikaruka, kioo chetu kilishtuka. Mara namba iruke, mara kioo kizime na kuanza upya, na mara moja kikaganda kabisa, balbu zikabaki zinawaka.

Elia akasimama, akatoka. Nilimfuata mbio. Fanuel alikuwa na wateja wawili wanasubiri geti lao.

"Umetuulia mayai," Elia akamwambia mbele yao.

Fanuel akainua kinyago chake. "Mayai gani, jirani?"

"Mayai ya akina mama. Kila ukiwasha hilo dude lako mashine yangu inachanganyikiwa. Uhame hapa, ama nikupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Elia, mimi nachomelea geti," Fanuel akasema. "Mayai yenu nayajulia wapi?" Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Nakwambia ukweli, yule kijana nilikuwa namfikiria kitambo. Kiti nilichokalia kufanyia kazi miguu yake aliichomelea yeye, akakataa kupokea chochote. Wateja wale wakaondoka wakisema watarudi kesho, nasi tuliona kabisa kwamba hawatarudi.

Jioni Elia akavaa shati safi ili aende kweli kwa mwenyekiti. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamwambia, "Kaa kwanza."

"Nitachelewa, Mama."

"Kaa."

Akakaa. Mama akaendelea kupepeta, na maneno aliyoyasema hakuyapandishia sauti hata kidogo.

"Huyu kijana akihama, nani anafuata? Pale kona kuna mashine ya kusaga. Ng'ambo ya barabara kuna fundi seremala na msumeno wake wa umeme. Nao utawahamisha? Tunduma hii, Elia, haitanyamaza kwa ajili ya sanduku lako. Na mimi mayai ya watu siwezi kuyaweka kwenye kitu kinachofanya kazi tu pale majirani wakilala. Kama mashine yako haiwezi kuishi na watu, bado hujaimaliza. Vua hilo shati."

Elia akashika kifungo cha shati. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, ametoka kusoma, na macho yalimlenga machozi. Kisha akavua shati. Nami nilijifunza siku ile kwamba mtu anaweza kukemewa vikali na akabaki anapendwa, maana Mama alimpakulia yeye wa kwanza.

Kesho yake Elia alikuwa hataki kuiona ile bodi, kibao kilichobeba chipu na vifaa vyake. Nikamwomba nivuke mimi kwenda Nakonde, kwa Ba Chileshe. Huyo alikuwa fundi wa Kizambia, mtu mzima, mwenye kibanda sokoni kilichojaa bodi za redio za zamani, na ndiye tuliyekuwa tukinunua vifaa kwake. "Ba" ndivyo Wabemba wanavyomheshimu mtu, kama sisi tunavyosema mzee. Nilifunga bodi yetu kwenye kitambaa, nikapita katikati ya wabadilisha fedha na wauza vitenge, nikafika kibandani kwake.

"Mwaiseni mukwai," alinikaribisha. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kimechanganyika, lakini tulielewana. Nikamweleza yote, balbu, mayai, Fanuel, ugomvi. Alisikiliza huku anafuta miwani. Mwisho akauliza, "Kapasita mliweka?"

Nikamwambia tuliweka. Hapo nilikuwa na hakika, maana niliichomea mimi mwenyewe. Kapasita, mwanangu, wewe unaijua, lakini kwa atakayesoma haya bila kuijua: ni kifaa kidogo kinachoweka akiba ndogo ya umeme na kuitoa mara moja inapohitajika. Ile yetu ilikuwa ya njano, kama punje ya dengu, imeandikwa 104.

"Mliweka wapi, mwana?"

"Kwenye bodi."

"Wapi kwenye bodi?"

Nikafungua kitambaa, nikamwonyesha. Ilikuwa ukingoni, karibu na mahali waya za umeme zinapoingia, imesimama kwenye miguu yake mirefu kama korongo. Elia alipenda iwe pale kwa sababu palikuwa na nafasi na palipendeza. Chipu yenyewe ilikuwa upande wa pili kabisa.

Ba Chileshe hakucheka. Akachukua karatasi ya kufungia maandazi, akachora chipu, akachora chanya na hasi, na kapasita katikati yake. "Mchoro wa kaka yako uko hivi?"

"Ndivyo ulivyo."

"Basi hakukosea mchoro. Mchoro hauonyeshi umbali. Kwenye karatasi, hapa na hapa ni pamoja. Kwenye bodi, hapa na hapa ni safari." Akapima kwa kidole kutoka kwenye kapasita yetu hadi kwenye chipu.

Kisha akanifafanulia, taratibu, na mpaka leo nikifundisha nafuata njia yake. Chipu haili umeme kama balbu, kwa mwendo mmoja. Inadonoa, haraka haraka, kila inapofanya hesabu zake. Kila inapodonoa, umeme ulio mlangoni pake unashuka kidogo, na ule unaotoka mbali kwenye waya hauwahi kufika kuziba pengo. Juu ya hapo, waya wa umeme unabeba kelele. Siyo kelele ya masikio, ni mitikisiko: rilei, ile swichi inayoongozwa na chipu, ikikatisha balbu, feni ikianza, jirani akichomelea, vyote vinatikisa. Chipu ikitikiswa wakati iko katikati ya hesabu, inapotea. Ama inaanza upya, ama inaganda ilipo. Kapasita ndogo ikikaa pale pale miguuni pa chipu, kati ya mguu wa chanya na mguu wa hasi, chipu inachota hapo wakati umeme unayumba, na mitikisiko inayokuja inamezwa kabla haijaingia ndani.

"Lakini ikikaa mbali," akasema, "hata njia ya kuifikia ni waya, na waya ule ule unatikisika. Ni kama haipo."

Akaniambia na yeye ujanani aliwahi kutengeneza redio iliyokuwa inakoroma, akabadilisha kila kitu isipokuwa mahali pa kapasita. Alilicheka kosa lake lile kwa furaha, kama mtu anayemkumbuka rafiki wa shule. Akanipa kapasita mbili ndogo za 104 na moja kubwa kama kapipa. Ile kubwa, akasema, ndiyo ikae pale umeme unapoingia, ibebe mayumbo makubwa ya polepole. Ndogo zikae miguuni, zishughulike na ya haraka. Na miguu yake niikate iwe mifupi kadiri inavyowezekana.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Elia amelala chali kwenye mkeka, anatazama mabati. Nilipomweleza alikaa. Nilipomwambia ile habari ya umbali alichukua bodi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Rhoda," akasema, "nimelipita hili kila siku." Akasogeza benchi.

Tukachomea pamoja. Alishika bodi, mimi nikashika pasi. Kapasita moja niliilaza chini ya tumbo la bodi, miguu yake imekatwa ikabaki kama kucha, ikagusa mguu wa chanya na wa hasi wa chipu bila waya wowote katikati. Nyingine nikaiweka miguuni pa kile kipima joto. Ile ya kapipa tukaiweka pale umeme unapoingia. Tukawasha. Kioo kikaonyesha namba, namba ikapanda polepole, balbu zikazima, zikawaka, zikazima. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa nzuri hata zamani, wakati Fanuel ametulia. Na siku hiyo ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya.

Mama akaja akasimama nyuma yetu. "Mtajuaje kama imepona?"

Wote tulilijua jibu. Elia akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono, akatoka. Safari hii sikumfuata, nilisimama ukutani. Nilimsikia akisema, "Jirani, hodi."

Fanuel akajibu, "Karibu," lakini kwa sauti kavu.

"Nimekuja kuomba. Niliyoyasema mbele ya wateja wako hayakuwa haki. Nitakwenda kwao nikawaambie hivyo. Ila sasa naomba uchomelee."

"Nichomelee nini? Kazi sina, wenye geti hawakurudi."

"Chochote. Vipande viwili vya nondo. Nataka kelele yako yote."

 Kisha nikasikia Fanuel anacheka, taratibu, kama mtu ambaye hakutaka kucheka. "Elia, wewe ni mtu wa ajabu. Jana ulitaka nihame, leo unataka nipige kelele."

Akawasha mashine yake. Mwanaume yule alichomelea mchana ule kama anayejenga daraja. Cheche ziliruka hadi juu ya ukuta. Mimi na Mama tulikuwa tumepiga magoti mbele ya kioo. Namba ikawa inakwenda kama inavyotakiwa, pointi kwa pointi, bila kushtuka. Balbu zikazima kwa wakati wake. Elia akarudi anakimbia, akatazama, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Zitoe."

"Nini?"

"Zile ndogo. Zitoe, tuone."

Nilizitoa kwa uchungu. Fanuel akaombwa aendelee. Chuma kilipolia mara ya pili, kioo kikazima. Nikazirudisha, kikatulia. Hapo ndipo Elia aliposadiki, na ndivyo nilivyojua kaka yangu ni fundi kweli. Wengi wangeshangilia mara ya kwanza wakaenda zao, wasijue kilichowaponya ni nini.

Akina mama hawakuleta tena mayai upesi, na Mama hakuwaomba. Aliweka ya kuku wake mwenyewe. Fanuel akawa anaendelea na kazi ng'ambo ya ukuta, na kila asubuhi anauliza, "Watoto wanaendeleaje?" Wiki ya tatu ilipokwisha tukaanza kusikia vifaranga wakigonga ndani ya maganda, kidogo sana, hapa na pale. Mama akamtumia ujumbe Mama Nzunda aje. Alikuja, akainama kwenye kidirisha, akamwona kifaranga wa kwanza, amelowa, mbaya kama walivyo wote saa ile, anajikongoja. Mama akampa wale kumi wa kwanza waliokauka. Hawakuwa wa mtetea wa mama yake, hilo halikurudi, na kila mmoja pale alilijua. Lakini aliwapokea kwenye khanga yake, na mwezi uliofuata alileta mayai tena.

Elia amefariki, Mungu amrehemu. Mama na Baba wamelala Mbozi, kando ya kahawa. Ba Chileshe kibanda chake siku hizi kinauza simu. Fanuel ndiye yule babu unayemsalimia getini, sasa masikio hayasikii vizuri kwa zile kelele za ujana. Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, na Elia akamsindikiza bwana harusi badala ya kunisindikiza mimi dada yake.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uyachukue.

Kwanza la benchi. Kila chipu ipe kapasita yake ndogo, uiweke miguuni pake, miguu mifupi, njia fupi kwenda chanya na fupi kwenda hasi. Usihesabu kwamba ipo kwa sababu umeiona kwenye mchoro. Pima ipo wapi. Na ukimaliza, usijaribu kazi yako kwenye utulivu. Itafutie kelele, iwashie feni, rilei, jirani, kisha toa ulichokiweka ujue kweli ndicho kilichosaidia.

La pili siyo la benchi. Ninyi vijana wa sasa mna watu wengi sana kwenye simu, na mnahesabu kwamba mnao. Siku maisha yakikutikisa, na yatakutikisa, utachota kwa aliye karibu, wa kukufikia kabla hujaganda. Mama alikuwa na Elia chumba kimoja alipomwambia avue shati. Angemwandikia barua, angekwishafika kwa mwenyekiti. Basi kaa karibu na wanaokupenda, na wewe uwe karibu na wako, wala usione aibu kugonga hodi kwa uliyemkosea.

Na usiombe mji unyamaze. Watu wanachomelea, wanasaga, wanaishi. Jitengeneze uweze kuishi katikati yao.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbali ilhali kilipaswa kuwa karibu. Akupe jirani mwenye moyo wa kucheka mapema. Kazi ya mikono yako ilale salama katika nyumba za watu, nao wakitaja jina lako walitaje kwa amani. Haya, nenda, Mungu akutangulie.